Selimundu ni herufi moja tu ya DNA: mbona hawaifuti wakaandika nyingine?

Swali lenyewe: "Kitabu chetu cha biolojia kinasema mabadiliko mengi ya DNA hayana madhara. Ukurasa unaofuata kinasema selimundu inaletwa na herufi moja tu iliyobadilika. Yote mawili yanawezaje kuwa kweli? Na kama herufi inajulikana, na CRISPR ipo, kinachozuia kuifuta na kuandika iliyo sahihi ni nini? Kwenye simu ningemaliza kwa sekunde moja."

Yote mawili ni kweli. Ila ili uone kwa nini, heri tuzitazame herufi zenyewe badala ya kuzizungumzia kwa mbali.

Jeni ya beta-globini inakaa kwenye kromosomu ya 11. Ndiyo inayotoa minyororo miwili kati ya minne inayounda himoglobini ya mtu mzima, protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Ile miwili ya alfa inatoka kwenye kromosomu ya 16. Sehemu inayosomwa kuwa protini inaanza hivi:

ATG GTG CAT CTG ACT CCT GAG GAG AAG TCT GCC GTT ACT GCC CTG TGG GGC AAG GTG AAC

Nafasi zimewekwa hapa ili macho yapate pa kushika. Kwenye DNA hakuna nafasi, nukta wala koma. DNA inanakiliwa kwanza kuwa RNA, kisha ribosomu, mtambo wa seli unaounda protini, inaanzia kwenye ATG na kusoma tatu-tatu mpaka ikute alama ya kuacha. Kila tatu ni kodoni moja, na kila kodoni inaita asidi amino moja, yaani kiungo kimoja cha mnyororo wa protini. Ile ya ATG, methionini, hukatwa baadaye, kwa hiyo kwa hesabu ya zamani GTG ndiyo ya 1 na GAG ya kwanza ni ya 6. Maabara za siku hizi huihesabu na methionini, wakaiita ya 7. Ukikuta kitabu kimoja kimeandika 6 na ripoti ya maabara 7, hawapingani.

Sasa ichukue hiyo GAG ya 6 uibadilishe kwa namna mbalimbali, herufi moja kila mara.

Ukiifanya GAA, hakuna kitu. GAG na GAA zote zinaita asidi ya glutamiki. Kodoni ziko 64, tatu ni za kuacha, na 61 zilizobaki zinagawana asidi amino 20, kwa hiyo nyingi zina majina mawili, matatu, hata sita. Badiliko la namna hii huitwa la kimya, na mara nyingi ni la kimya kweli.

Ukiifanya AAG, inaitwa laisini, na unapata himoglobini C. Mwenye nakala mbili za C huwa na upungufu mdogo wa damu na pengine bandama iliyovimba, basi. Lakini C ikikutana na S, ile ya selimundu, kwa mtoto mmoja, huyo ana ugonjwa wa selimundu.

Ukiifanya GTG, inaitwa valini. Hii ndiyo S.

Ukiifanya TAG, hiyo ni alama ya kuacha. Ribosomu inashuka baada ya asidi amino tano, wakati mnyororo mzima una 146.

Namna ya mwisho usibadilishe chochote, ila ifute ile A ya katikati. Herufi zilizobaki zinasogea, na kwa kuwa ribosomu inahesabu tatu-tatu bila kujua kilichopotea, kuanzia hapo inasoma maneno mengine kabisa:

CCT GGG AGA AGT CTG CCG TTA CTG CCC TGT GGG GCA AGG TGA

Chukua penseli uhakikishe. TGA ni alama ya kuacha, na imetokea nafasi ya 18. Hapakuwa na TGA hapo awali. Ilikuwa imegawanyika kati ya GTG na AAC, na kusogea kwa herufi moja ndiko kulikoiunganisha. Nakala ya namna hii haitoi mnyororo wa beta hata mmoja unaofaa. Si mchezo wa karatasi: kufutika kwa A hiyo kunajulikana katika familia zenye thalasemia ya beta, ugonjwa wa damu wa kurithi ambamo minyororo ya beta hupungua au hukosekana. Ikumbuke hii TGA, tutarudi kwake tukifika kwenye CRISPR.

Kwa hiyo ukubwa wa badiliko haupimwi kwa idadi ya herufi. Unapimwa kwa mahali lilipoangukia, kwa jinsi linavyosomwa, na kwa kazi ya ile asidi amino katika protini iliyokunjwa. Asidi ya glutamiki ina chaji hasi na inapenda maji, na nafasi ya 6 iko juu ya uso wa himoglobini, inakotazamana na maji. Valini haipendi maji, ina tabia ya mafuta. Damu ikiwa na oksijeni ya kutosha hilo halionekani. Himoglobini ikishaachia oksijeni hubadilika umbo, na kwenye mnyororo wa beta wa himoglobini jirani linajitokeza shimo dogo lenye tabia ileile ya mafuta. Valini inaingia humo kama ufunguo kwenye kufuli. Himoglobini moja inashika ya pili, ya pili inashika ya tatu, mpaka zinajengeka nyuzi ndefu ngumu, kila unyuzi ukiwa umesukwa kwa nyuzi 14 nyembamba. Nyuzi hizo ndizo zinazoikunja seli ikafanana na mundu. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku kama 120. Hii huishi siku 10 hadi 20, na kabla ya kufa huwa imeshakwama kwenye mishipa midogo na kuleta yale maumivu makali.

Mamia ya namna tofauti za mnyororo wa beta zimeshaorodheshwa, na nyingi hugundulika kwa bahati tu, mtu akipimwa damu kwa shida nyingine. Na huko ni ndani ya jeni. Seti moja ya DNA ya binadamu ina herufi zaidi ya bilioni 3, na zinazosomwa kuwa protini ni asilimia 1 hadi 2 tu, kwa hiyo badiliko la kubahatisha lina uwezekano mkubwa wa kuangukia nje. Wengi hufanya kosa hapo hapo: wanadhani nje ya jeni ni takataka. Sivyo. Huko kuna swichi zinazoamua jeni iwake lini na katika seli gani, na dawa tutakayoizungumzia inafanya kazi kwa kuharibu swichi mojawapo.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Neno "badiliko" hutumika kwa vitu viwili: tukio la herufi kubadilika, na herufi iliyobadilika zamani na kurithiwa tangu hapo. Matukio mapya hayakosekani. Kimeng'enya kinachonakili DNA hukosea takriban mara moja katika kila herufi 100,000, lakini chenyewe hurudi nyuma kufuta kosa, kisha protini nyingine hupita kukagua herufi zisizolingana. Mwisho linabaki kosa moja kwa kila herufi bilioni moja au zaidi. Isitoshe, kila seli hupoteza A na G kama 10,000 kwa siku kwa sababu tu DNA imo ndani ya maji yenye joto, na karibu zote hurudishwa. Kwa jumla mtoto huzaliwa na mabadiliko mapya 60 hadi 70 ambayo wazazi wake hawana katika damu zao, na idadi hupanda kadiri baba alivyo na umri mkubwa. Ila mgonjwa wa selimundu kwa kawaida hakupata badiliko jipya. Alirithi S kutoka kwa baba na S kutoka kwa mama, na kila mmoja wao huenda ana S moja na A moja (A hapa ni nakala ya kawaida ya jeni, si herufi ya DNA), ni mzima, wala hajui. Kuwa na S moja humkinga mtu dhidi ya malaria kali, jambo lililoonyeshwa na mtafiti Anthony Allison mwaka 1954, na ndiyo sababu herufi hii haikufutika katika vizazi. Wazazi wawili wa AS wana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto wa SS katika kila mimba. Kila mimba, narudia. Wakishapata mtoto mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata hawajapata kinga yoyote.

Kabla ya kurekebisha lazima uione herufi, na hapa pana njia nzuri ya kujifunzia. Kimeng'enya MstII hukata DNA pale tu panaposomeka CCTNAGG, N ikiwa herufi yoyote. Tazama mstari wetu: CCT GAG G. Alama ipo. Kwenye S inakuwa CCT GTG G, alama imekufa. Unakuza kipande cha jeni kwa PCR, mbinu ya kunakili DNA mara nyingi: nyuzijoto 95 kutenganisha nyuzi, kama 58 kuruhusu vianzio vishike, 72 kunakili, mizunguko 30 hadi 35. Chagua kipande chenye alama hiyo mara moja tu. Kisha unaongeza kimeng'enya, unaacha kwenye nyuzijoto 37, unapitisha umeme kwenye jeli ya agarosi. Vipande vifupi vinakimbia mbele. AA hutoa vipande viwili vifupi, SS kipande kimoja kirefu, AS vyote vitatu.

Kosa linalorudia sana ni kimeng'enya kushindwa kumaliza kukata, ama kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, ama kimechakaa kwa kutolewa kwenye friza mara kwa mara, ama DNA ina mabaki ya chumvi na alkoholi. Sampuli ya AA iliyokatwa nusu inaonekana sawasawa na AS. Kwa hiyo daima weka kando sampuli unayojua ni AA. Nayo ikibaki na kipande kirefu, jeli nzima haina maana. Hospitalini watu hutazama himoglobini yenyewe, kwa elektroforesisi au mashine ya kromatografia, si DNA. Kile kipimo cha haraka cha kuangalia kama damu inafanya ukungu kwenye dawa kinasema tu S ipo au haipo. Hakitofautishi AS na SS, na kwa mtoto mchanga kinaweza kusema haipo ilhali ipo, kwa sababu damu yake bado imejaa himoglobini ya kijusi.

Sasa swali lako la pili.

CRISPR-Cas9, iliyowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2020, haiandiki. Inakata. Unaipa RNA ya mwongozo yenye herufi 20 zinazolingana na mahali unapopataka, na mahali hapo lazima pafuatiwe na herufi yoyote kisha GG. Cas9 ikipakuta, inakata nyuzi zote mbili herufi tatu kabla ya alama hiyo. Kazi yake inaishia hapo. Kinachoandikwa baada ya hapo ni uamuzi wa seli, na seli ina njia kuu mbili za kuziba mkato. Ya kwanza ni ya haraka: inabandika ncha mbili, na mara nyingi inapoteza herufi moja au kadhaa, au inaongeza. Ya pili ni ya uangalifu: inanakili kutoka kwenye kiolezo, na kiolezo hicho unaweza kuipa wewe kikiwa na GAG. Tatizo ni kwamba njia ya pili hufanya kazi vizuri seli inapojiandaa kugawanyika tu, na seli shina za damu, zile unazozitaka hasa, hutumia muda mrefu zimetulia.

Iweke ile njia ya haraka ndani ya jeni yetu uone. Umekata karibu na kodoni ya 6, seli imebandika kwa haraka, herufi moja imepotea. Tunarudi kwenye kusoma kulikosogea, na mnyororo wa beta unakatika njiani. Umemtoa mgonjwa kwenye SS ukampeleka kwenye S na beta-sifuri (nakala isiyotoa mnyororo wa beta kabisa), hali ambayo ukali wake unalingana na SS. Zaidi ya hapo, jirani ya beta kuna jeni ya delta inayofanana nayo mno. Mwongozo usiochaguliwa vizuri unaweza kuzikata zote mbili, na kipande kilichokuwa katikati kikapotea.

Na hiyo ni seli moja. Kwenye simu unafuta neno moja, mahali pamoja. Seli nyekundu iliyokomaa haina kiini, hivyo haina DNA ya kurekebisha. Lazima uende kwenye seli shina za uboho, na uzirekebishe nyingi kiasi kwamba damu itakayotoka humo itawale.

Ndiyo maana tiba ya kwanza ya CRISPR kuidhinishwa, Casgevy, haikuigusa kabisa ile herufi. Uingereza iliipitisha Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huohuo, kwa wagonjwa wa miaka 12 na zaidi. Inakata kwenye kromosomu ya 2, ndani ya swichi ya jeni iitwayo BCL11A. Jeni hiyo ndiyo inayozima himoglobini ya kijusi baada ya mtoto kuzaliwa, na swichi inayokatwa huiwasha katika ukoo wa seli nyekundu tu, kwa hiyo seli nyingine za mwili haziguswi. Himoglobini ya kijusi ina minyororo ya gama badala ya beta, haiingii kwenye zile nyuzi, na ikiwemo ya kutosha inazizuia zisijengeke. Hata bila dawa, watoto wa SS hukaa miezi ya kwanza bila maumivu kwa sababu hiyo hiyo. Ujanja uko hapa: kama unachotaka ni kuharibu swichi, ule ubandikaji wa hovyo wa seli unageuka kuwa rafiki. Herufi yoyote ikipotea, kazi imefanyika.

Utaratibu wake si mwepesi. Mgonjwa hupewa dawa ya kuzitoa seli shina ubohoni ziingie kwenye damu, zinachujwa kwa mashine, mara nyingi kwa awamu zaidi ya moja. Maabara inazipa mshtuko mfupi wa umeme unaofungua vitobo kwenye utando wake, Cas9 na mwongozo vinaingia, kisha seli zinagandishwa na kupimwa. Hatua hii pekee huchukua miezi. Baadaye mgonjwa hupewa busulfani kufuta uboho wa zamani, maana seli mpya hazipati nafasi zikikuta za zamani zimejaa. Kisha anarudishiwa seli zake, angalau milioni 3 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 anahitaji milioni 180. Analazwa wiki kadhaa akiwa karibu hana kinga. Katika jaribio lililotumika kuombea kibali, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Sehemu kubwa ya hatari haitoki kwenye CRISPR, inatoka kwenye busulfani: mojawapo ni ugumba, hivyo suala la kuhifadhi mayai au mbegu huzungumzwa kabla, si baada.

Kuandika kwa maana unayoitaka wewe kunakuja, ila kwa vifaa vingine. Kipo kihariri kilichotengenezwa kwa Cas9 iliyolemazwa isikate nyuzi zote mbili, ikaunganishwa na kimeng'enya kinachogeuza A ikasomeka G. Kifaa hiki hakiwezi kuirudisha T ya GTG kuwa A. Lakini tazama uzi wa pili: mkabala na GTG kuna CAC. A ya katikati ikigeuzwa G, upande wetu unakuwa GCG, na GCG ni alanini. Hiyo si himoglobini ya kawaida wala si S. Ni namna iliyoonekana kwa watu wa Makassar, Indonesia, na ikabeba jina la mji huo. Haitengenezi nyuzi. Imejaribiwa kwenye seli za wagonjwa na kwenye panya, ikafanya kazi. Kwa maoni yangu hilo ndilo wazo zuri kuliko yote katika mkasa huu: huna zana ya kuandika neno sahihi, unaandika jirani yake lisilo na sumu. Kifaa kingine, kilichotangazwa mwaka 2019 kutoka maabara ya mtafiti David Liu, kinabeba kiolezo chake ndani ya mwongozo na kinaweza kuirudisha T kuwa A. Kwenye seli za maabara kinaweza. Ugumu uliobaki ni kukiingiza kwenye seli shina za kutosha, kwani ni kikubwa na si kila seli inayokubali.

Jambo moja huulizwa baada ya maelezo haya yote, nami nilitangulize. Aliyetibiwa kwa njia hizi amebadilishwa seli za damu tu. Mayai au mbegu zake hazikuguswa, na kwa upande wa mambo ya urithi yeye bado ni SS: kila mtoto wake atapokea S moja kutoka kwake, bila ubaguzi. Akipata mtoto na mtu wa AA, watoto wote watakuwa AS. Akipata na mtu wa AS, ni nusu kwa nusu AS na SS, katika kila mimba. Mwenza wake anapaswa kupimwa kama vile tiba haikufanyika, na kwa kipimo kinachotofautisha AS na AA, si kile cha ukungu.